Minyoo ya Villads

Randers, Jumatatu 9 Machi

Mama mpendwa,

Leo muuguzi Ingelise amesema minyoo imemrudia Villads mara ya tatu. Sielewi. Kucha tunakata, mashuka tunafua, na wenzake wote wa chekechea wamepona.

"Jumamosi, akienda kwa bibi yake, hulala na nani?" aliniuliza.

"Peke yake," nikajibu. Niliona haya kukutaja.

Villads akadakia: "Mama mwongo! Nalala na bibi, ananikuna mgongo!"

Ingelise akacheka. "Basi bibi naye ameze dawa."

Sijui nani anamwambukiza mwenzake. Nimetia vidonge viwili kwenye bahasha. Meza kimoja Jumamosi hii, pamoja nasi, na cha pili tarehe 28. Kabla ya hapo hatalala kwako. Jioni hiyo nitamleta.

Mwanao,
Karen