Mahali pa Dole Gumba Lako

Shamba la mkonge, Korogwe

Kwako mke wangu, Mama Leokadia,

Mwakeye, nakuamkia kwa Kiha chetu, mama watoto. Hamjambo hapo Kasulu? Kifua cha mama kimetulia? Mimi ni mzima, ila mikono imechakazwa na miiba ya mkonge.

Nina jambo, na nimeogopa kukuandikia mwezi mzima. Nimeuza nyumba yetu. Au tuseme, nilidhani nimeuza. Nilitaka upande gari moshi uje tuishi huku pamoja, maana upweke umenizidi. Kaka Ezekieli akampata mnunuzi, yule mzee wa duka la vitambaa sokoni, akaniletea karatasi ya mauzo kwa posta, nami nikatia saini. Wewe sikukuuliza. Nilijiambia, mabati nimenunua kwa jasho langu, nimwulize nani?

Yule mzee akaikataa karatasi. Akamwambia Ezekieli, "Kidole cha mkewe kiko wapi? Sinunui nyumba ambayo mwenyewe yumo ndani anapika." Ezekieli akanirudishia.

Nilikasirika, sikufichi. Nikamlalamikia karani wetu hapa, naye akasema siku hizi sheria ya ndoa inataka mke akubali kwanza. Nikamwambia sheria haikujenga ile nyumba. Akauliza, "Basi nani alijenga?" Nikaanza kumsimulia kwa majivuno, nikajikuta nakutaja wewe tu. Wewe na mimba ya Leokadia, umejifunga kanga, unakanyaga udongo tangu asubuhi, huku unaimba kwa Kiha kunicheka kwamba matofali yangu yamepinda. Maji ulichota wewe bondeni. Nyasi za kufunika matofali ulikata wewe. Siku ile ya kwanza tulikula ugali wa muhogo na maharage ndani, hata mlango haujawekwa, baridi inaingia tu, na mimi sijapata kushiba vile tena. Karani akacheka. Mimi nikaona aibu.

Nisamehe, mke wangu. Nimekosa.

Nisalimie mama, na kaka Ezekieli, umwambie asininunie. Msalimie pia jirani yetu mkunga aliyempokea Leokadia.

Karatasi nimeiweka humu. Leokadia akusomee polepole. Saini yangu iko chini, na kando yake pameachwa mahali pa dole gumba lako. Ukiliweka, njoo. Usipotaka, itie moto karatasi hiyo, nami nitaomba ruhusa nije kwako.

Mumeo anayekukumbuka,
Baba Leokadia