Dirisha Nililoliomba

Jumanne, mwezi wa saba. Upepo umeanza tangu asubuhi, ule wa kiangazi unaobeba vumbi na pumba za mpunga mpaka zinaingia kwenye chai. Mwanangu Jeska anakohoa kidogo. Mimi sikohoi, ila kifua kinauma, na siyo kwa sababu ya vumbi.

Leo nimejua kwamba mume wangu ameoa.

Lakini sitaanza na hilo. Nitaanza na vitabu, maana bila vitabu nisingekuwa mjinga kiasi hiki. Na bila vitabu pia sijui ningefikaje jioni hii bila kupiga mayowe barabarani.

Mwalimu mstaafu aliyepanga chumba hiki kabla yangu aliacha boksi la vitabu vya hadithi za zamani. Vingine havina jalada, vinanuka dawa ya mende. Mimi niliishia darasa la saba, lakini kusoma nilikuwa nasoma vizuri, hata kanisani kwetu Mwese walikuwa wananisimamisha mbele. Mwanzoni nilisoma kwa upweke. Baba Jeska yuko kwenye ng'ombe huko Majimoto, hapa Mwamkulu anakuja mara moja moja. Baadaye nikasoma kwa sababu nilishindwa kuacha.

Vyote vinafanana. Kuna msichana maskini ana begi moja. Anapelekwa mbali, kisiwani, au kwenye milima ya barafu, au jangwani ambako hata mti hakuna. Huko kuna jumba kubwa. Ndani ya jumba kuna chumba kisichofunguliwa, na kuna mwanaume asiyecheka. Unasikia mtu anatembea darini. Barua inapotea. Farasi anarudi peke yake. Unamwambia yule msichana kimbia wewe, naye hakimbii, na moyoni hutaki akimbie, unataka akae mpaka chumba kifunguliwe.

Bahari sijawahi kuiona. Nikisoma bahari naweka mbuga ya Katavi wakati wa masika, maji yamejaa mpaka macho yanapoishia, na viboko ndiyo mawe. Nikisoma majabali na ukungu naweka kwetu Mwese, asubuhi, ukiwa humuoni hata mbuzi uliyemshika kamba. Nilipachukia Mwese. Ni matope na kutembea, kutembea na matope. Lakini ndani ya kitabu Mwese ikawa mahali ambapo jambo kubwa linaweza kumtokea mtu kama mimi. Nadhani hicho ndicho nilichokipenda. Siyo mabusu tu, ingawa na mabusu niliyapenda, sitadanganya.

Na mwanaume asiyecheka nilikuwa naye tayari.

Masanja, baba Jeska, anaongea kidogo. Akija anakaa kwenye kigoda, anakula, anamwangalia mtoto, anaangalia simu. Simu ikiita anatoka nje. Mwanamke mwingine angeuliza. Mimi nilikuwa nimeshasoma boksi zima, nikajifanya najua: wanaume wa aina hii wana jambo zito, wanalibeba peke yao ili wewe usiumie. Mwishoni wanalisema lote kwa pamoja. Basi nikawa nangoja mwisho.

Kuna lingine naona aibu kuliandika. Masanja hakunitolea ng'ombe. Kwao Wasukuma mke anatolewa ng'ombe, wanaswagwa mchana watu wote wanaona. Kama ng'ombe hawajatoka, hata ukizaa, ndugu za mwanaume wanakusalimia kama jirani. Mama yangu alilia. Mimi nikamjibu, mama, mapenzi siyo mnada. Nililisema kwa sauti ya kitabu kabisa, nakumbuka nilisimama mlangoni na upepo unapepea kanga. Kwenye vitabu vyangu hakuna mtu anayeuliza ng'ombe wako wapi. Nikaona mimi ndiye niliyependwa kuliko wake wote wa Majimoto.

Tangu mwaka jana anajenga nyumba huko. Aliniambia, usije kwanza, ikiisha nitakuita.

Chumba kisichofunguliwa! Nyie mngefanyaje? Mimi nilifurahi.

Nikamtumia ujumbe wa sauti, nikamwomba kitu kimoja tu. Bati rangi yoyote, sakafu vyovyote, ila aniwekee dirisha moja kubwa upande wa jua linakozama, kubwa kweli, nikae pale na Jeska tumwone akirudi na ng'ombe. Maana wale wasichana wote wana dirisha. Akanijibu, "Sawa." Hiyo sawa yake nimeisikiliza kuliko wimbo wowote. Siku hiyohiyo nikafunga begi nikalisukuma chini ya kitanda. Nguo zangu mbili tatu, na gauni jipya la Jeska la njano, la kufikia.

Sasa mashineni.

Ninachambua mchele kwenye mashine ya kukoboa, mimi na wanawake wengine. Tunakaa chini ya kibanda, kila mtu na ungo wake, tunatoa mawe na chenga. Wao ndio waliogundua kwamba ninasoma. Wakaniambia weka ungo chini, Mama Jeska, tusomee, sisi tutakuchambulia fungu lako. Basi ndivyo ilivyokuwa msimu mzima. Mimi nasoma kwa sauti kushinda mashine, wao wanachambua, jioni sado yangu, kile kindoo cha kupimia, inapita kwa kila mmoja, anaweka viganja vyake vya mchele safi, inanirudia imejaa. Nilijiona nimepata kazi ya heshima. Hata Jeska alikuwa analala vizuri nikisoma.

Kitabu cha sasa ni cha kisiwani. Hakina jalada, sijui kinaitwaje. Msichana anamngoja bwana wa jumba, na jumba lina mnara wenye taa. Kuna mahali anakaa dirishani, anachana nywele, anaangalia njia. Mama Shija, ambaye ndiye mkubwa wetu pale na ana mdomo mkubwa kuliko mashine, alikuwa akipapenda hapo mno.

"Rudia, mdogo wangu. Rudia pale anapochana nywele."

Narudia. Wanacheka mpaka wanapigana mabega. Nilidhani ni raha ya hadithi. Leti, rafiki yangu, tunayekopeshana mpaka chumvi, yeye alikuwa akicheka ameinama.

Leo tulikuwa tumebakiza sura ya mwisho. Nimeanza tu, Fuso ikaingia na magunia kutoka Majimoto. Dereva anaitwa Doto, mtu wa maneno. Akashuka, akajinyoosha, akaanza.

"Nyie akina mama mnakula vumbi hapa, wenzenu Jumamosi tumekula ng'ombe. Harusi ya nguvu! Mimi ndiye nilipeleka soda."

"Doto, mizani inakusubiri," Mama Shija akamwambia haraka.

"Ngoja kwanza. Bwana harusi kajenga, nyumba bati la bluu, halafu kaweka dirisha kama la duka! Limetazama machweo. Bi harusi kakalishwa pale anapigwa picha, watu wanauliza, shemeji unauza nini hapo, sukari ipo?"

Alicheka peke yake.

Hakutaja jina. Hakukuwa na haja. Mimi nilikuwa nimeshaliona lile dirisha, nilikuwa nimeshalikalia mwaka mzima, nilijua hadi jua linaingilia kona gani. Nikainua uso niwaangalie wenzangu, nikitaka hata mmoja ashangae.

Hakuna aliyeshangaa.

Nyungo zote zilikuwa zimesimama. Mama Shija anachokonoa jiwe ambalo halipo. Leti amejifunika mdomo kwa kanga.

"Mlijua," nikasema.

"Aah, Mama Jeska," Mama Shija akajibu, "mtaa mzima ulijua, hata hao kuku walijua. Na wewe tulidhani unajua, unajikaza tu. Mwenzako katolewa ng'ombe mpaka zizi limechoka. Wewe kwenu Mwese walipokea nini? Ukungu?"

Wakacheka. Siyo wote, lakini cheko la wachache linatosha.

"Tungekwambia lini?" akasema mwingine. "Ulikuwa unasoma vizuri, tungekuvuruga."

Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini walikuwa wananiambia nirudie. Walikuwa wanataka kunitazama nikisoma habari ya kungoja. Mimi nilikuwa hadithi yao. Walijua mwisho wangu tangu mpunga ukiwa kijani, wakawa wanakuja kila asubuhi kuona nimefika wapi.

Doto kashika kofia, hajui aiweke wapi. Jeska kaamka, ananivuta nywele.

"Haya, yamepita," Mama Shija akapiga makofi. "Malizia, mdogo wangu. Tumebakiza kidogo, tusilale na kiu."

Na mimi nikasoma. Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilifungua ule ukurasa, macho nikayaweka juu ya mistari, lakini niliyotamka hayakuwa yameandikwa pale. Nilisema bwana wa jumba alirudi kisiwani usiku na mwanamke mwingine, akampitishia mlango wa nyuma. Nikasema mpishi alijua. Mtunza bustani alijua. Aliyewasha taa ya mnara alijua, ndiye aliyewamulikia njia. Na kila asubuhi walimpelekea msichana chai pale dirishani wakamwuliza, je, bibie, leo unamngoja tena? Kisha wanaenda jikoni kucheka. Siku alipojua, hakupiga kelele. Alichukua begi lake akatoka kwenye ukungu akaelekea majabalini, na hakuna aliyemwita.

Nikafunga kitabu.

Mama Shija alikuwa analia. Kweli kabisa, machozi, anajifuta kwa ncha ya kanga yenye pumba, na wengine nyuma yake wanavuta kamasi.

"Jamani! Mtoto wa watu! Na wale wafanyakazi wote, jumba zima, hakuna hata mmoja aliyemwambia?"

"Hakuna," nikasema.

"Wana roho gani wale?"

Nilimwangalia Leti. Leti alikuwa ameacha ungo, anatikisa kichwa polepole kama mtu anayekataa kitu alichopewa. Yeye alielewa. Mama Shija hakuelewa, au alielewa akaamua asielewe. Alikipokonya kitabu mkononi mwangu, akakipindua huku na huku kama samaki aliyeanza kunuka, akanirudishia.

"Kibaya hiki. Kesho lete kingine, chenye harusi."

Jioni sado yangu ikapita kwa kila mmoja kama kawaida. Ikanirudia tupu. Nikamwangalia Mama Shija.

"Mwisho mbaya haulipwi," akasema, na kibanda kizima kikacheka, hata waliokuwa wamelia.

Walimlilia mwanamke wa kwenye karatasi, mimi nikiwa nimekaa mbele yao na mtoto.

Leti alinifuata njiani na mchele kwenye kanga yake. Akaniita mara moja, sauti ndogo. Sikugeuka. Labda nimekosea, sijui. Mchele ulikuwa mwingi, nilisikia uzito wake kwenye hatua zake.

Nimefika nyumbani jua bado lipo. Nikampigia Masanja. Akapokea, nyuma yake nasikia mwanamke anauliza ni nani.

"Dirisha umeweka?" nikamwuliza.

Akakaa kimya. Ule ukimya wake ninaoujua, niliokuwa nikiujaza maneno mazuri mimi mwenyewe, miaka yote hii. Leo sikuujaza, nikauacha ulivyo, na ndani yake hakukuwa na kitu chochote. Wala siri. Wala uchungu anaonificha. Mtu tu ambaye hana cha kusema.

"Nitakupigia," akasema.

Nikakaa mlangoni nikasoma sura ya mwisho, ile ya kweli, nikimsomea Jeska. Bwana wa jumba anarudi alfajiri amelowa. Anatoa ufunguo. Kwenye kile chumba kumbe kuna mama yake mgonjwa aliyekuwa akimficha watu wasimcheke. Anampa msichana ufunguo na kumwambia, sasa unajua kila kitu. Nililia, tena nilifurahi, na ninajishangaa. Siku kama ya leo mtu anafurahi vipi?

Lakini nadhani nimejua kwa nini navipenda, na bado navipenda. Kwenye vitabu hivi siri inafunguliwa kwanza mbele ya yule aliyeumia. Anapewa ufunguo mkononi mwake. Hata kama ni kisiwa cha mbali na watu wabaya, mwandishi hathubutu kumwacha awe wa mwisho kujua. Mwamkulu hakuna mwandishi.

Nimevuta begi toka chini ya kitanda. Lina vumbi juu. Nimetoa nguo zangu, nimezitundika msumarini zilipokuwa. Halafu gauni la njano. Nikamvisha Jeska, nikisema angalau tulione leo, kwa nini lizeeke begini. Kichwa kikapita. Mabega yakagoma. Mkono mmoja ulibaki juu kama anamwita mtu, akaanza kulia, ikabidi nikate mshono kwa wembe kumtoa. Amekua. Amekua wakati nikingoja, na mimi nilikuwa naye kila siku sikuona.

Sasa amelala na fulana yangu. Hata kikohozi kimepungua.

Gauni nitalifumua, kitambaa ni kizuri, linatoka gauni lingine likiongezwa kipande. Nikijifunza kushona vizuri naweza hata kuwashonea wengine, nani anajua.

Kesho naenda mashineni. Kitabu nakiacha hapa. Nabeba ungo wangu, nitakaa palepale ninapokaa, nitachambua fungu langu mwenyewe. Wakisema tusomee, nitawaambia leo simulieni nyie. Hadithi mnayo, mmeificha msimu mzima. Anzeni mwanzo, taratibu, na msiruke kitu.

Wakifika pale anapochana nywele, nitawaambia warudie.