Saa Ndani ya Chungu cha Ulezi

Jumatatu, 8 Septemba 1913

Nimerudi kutoka Mwaya. Miguu inauma.

Nimeonana na Kasamali, yule Mhindi anayenunua saa kwa Wazungu wanaorudi kwao, kisha anazisafisha na kuwauzia maakida na masajini. Ana meza ndogo kwenye baraza la duka, na juu yake saa kumi na moja zimelazwa kwenye kitambaa. Nikaitoa ya kwangu. Akabana kioo chake jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma kwa ukucha, kumbe chini yake kuna kifuniko kingine! Miaka mitano naishika saa hii na sikujua. Akabonyeza kile kitufe cha ubavuni, ikalia mara nane, kwa hesabu ya saa za Wazungu. Akaibonyeza tena. Hapo nikajua ameipenda.

Ni dhahabu kweli, kasema, na saa za kulia namna hii ameshika mbili tu maisha yake yote. Kisha akaniuliza nimeipata wapi. Jasho likanitoka kama mwizi, na mimi si mwizi. Nikamweleza habari za Bwana mpima ardhi, jinsi nilivyomuuguza homa majuma matatu, naye akanipa saa na karatasi yenye sahihi yake.

Akasema, "Mwalimu, mtu mweusi na saa ya dhahabu bila karatasi, hiyo ni minyororo. Yako na yangu."

Tumepatana hivi: Jumamosi niende na saa na karatasi, kabla hajaondoka na meli adhuhuri. Yeye atanipa ng'ombe watatu anaowafuga Mwaya, mmoja ana mimba. Nilitaka kumwachia saa. Mkono ukakataa.

Watatu! Ndio idadi ile ile anayodai Aliko kwa ajili ya binti yangu.

Jumanne, 9 Septemba

Aliko amekuja. Hakuitwa. Ameketi uani kwangu tangu asubuhi mpaka jua la utosi, akimtazama binti yangu Tusekile kama mtu anayetazama mtamba mnadani. Kaka yake, mume wa Tusekile, kafa, kwa hiyo mjane ni wake, ndiyo mila. Wake anao wawili tayari. Kama Tusekile hataki, basi ng'ombe wa mahari warudi, wote watatu, Jumapili baada ya ibada. Amechagua Jumapili makusudi, ili mimi mzee wa kanisa niaibike mbele ya watu.

Ng'ombe wangu walikwisha kwa ugonjwa mwaka juzi. Anajua. Kila mtu hapa Ikolo anajua.

Alipoondoka Tusekile akaja kuokota kigoda alichokalia, akakifuta kwa majani kana kwamba kimeoza. Akaniambia, "Baba, mimi siwezi kumpikia mtu aliyecheka kwenye msiba wa ndugu yake." Alicheka kweli. Nilikuwepo.

Sikumwambia habari za saa. Wala mama yake, Rut, sikumwambia. Rut ni mwanamke mwema lakini furaha humtoka mdomoni kabla hajaijua, na Aliko akisikia kuna dhahabu, ng'ombe watatu watageuka sita. Nimeifunga saa katika kitambaa cheusi cha mwavuli uliokufa, nikakaza kwa ukanda wa ngozi ya mbuzi, nikaizika ndani ya chungu cha ulezi jikoni, kile cha zamani chenye ufa. Mkono wote umezama mpaka kwapani. Nani atachimba humo kabla ya Jumamosi? Karatasi ninayo mfukoni.

Jumatano, 10 Septemba

Shule. Watoto wamesoma vibaya, nami nimewakemea vibaya zaidi.

Asubuhi njiani, karibu na kijito, nilikutana na mke wa Mika. Mika mwanangu yuko safarini, kaenda kubeba mizigo ya serikali. Mkewe alikuwa amejitwika chungu, anakwenda upande wa Matema. Aliponiona akaingia migombani haraka, akageuka, akajifunika khanga mpaka kichwani. Nami nikashika njia ya kulia, macho chini. Ndivyo ilivyo kwetu, mkwe wa kike na baba mkwe hawaonani. Miaka mitatu sasa. Sijui uso wake, sijasikia sauti yake, jina lake silitamki. Hata humu daftarini mkono unakataa kuliandika.

Na ni mimi niliyesimama kanisani mwezi wa tano nikasema mambo haya ya kukimbiana Mkristo anaweza kuyaacha! Mchungaji alifurahi sana. Mtu hasemi uongo kanisani, nilikuwa nazungumzia watu wengine.

Alhamisi, 11 Septemba

Chungu hakipo.

Saa hii lazima itiwe ufunguo kila siku, jana nilisahau, asubuhi hii nikaenda jikoni. Mahali pa chungu pana duara la vumbi tu. Nikamuuliza Rut polepole, kama mtu anayeuliza habari za mvua. Akasema chungu kile kilikuwa kinapasuka, basi alimpa mke wa Mika akipeleke kwao Lyulilo na ulezi wake, akabadilishe kwa vyungu vipya kwa mama yake. Jana asubuhi.

Jana asubuhi! Saa ilipita mbele yangu, hatua kumi, juu ya kichwa cha mke wa mwanangu, nami nikaangalia chini na kupisha njia. Nimejipiga kofi, kweli. Rut akadhani nzi.

Rut hawezi kwenda, mguu wake umevimba. Mika yuko mbali. Tusekile nikimtuma, Aliko atasema anatoroka. Nakwenda mwenyewe.

Baadaye. Nimefika kwa mwalimu mwenzangu Anyisile, karibu na Matema. Vidole vya miguu vimechubuka. Nimeombwa kuongoza sala, nikaongoza, sikumbuki niliomba nini.

Ijumaa, 12 Septemba. Lyulilo, asubuhi

Vyungu kila mahali. Vikubwa, vidogo, vimepangwa mchangani mpaka majini, na wanawake wanapima. Hapa chungu hakina bei nyingine: unakijaza nafaka mpaka mdomoni, nafaka inabaki kwa mfinyanzi, chungu unachukua wewe. Kwa hiyo ulezi wangu umemiminwa kwenye vyungu vipya, na kutoka vyungu vipya umekwenda kwenye akiba ya Maria, mama yake mke wa Mika. Maria amenionyesha akiba yake nyuma ya kibanda. Vyungu ishirini na vinne. Vyote vimezibwa kwa majani ya mgomba na udongo. Vyote vimeuzwa! Watu wa Lumbila waliovinunua wanaondoka na mitumbwi adhuhuri.

Nikamwambia kuna kifurushi changu kidogo kimeingia kwenye ulezi. Hakuwa na haraka. Akauliza kifurushi cha nini. Kando ya mtumbwi yupo askari mmoja, anakula samaki wa kuchoma, bunduki magotini. Nitasemaje dhahabu mbele ya askari? Karatasi ni ya Kijerumani, yeye hata Kiswahili hasomi. Nikasema kitu cha kanisa.

Vyungu vyenyewe hawezi kufungua, kasema. Vikifunguliwa watu wa Lumbila watavikataa, watasema vimepunguzwa. Akaenda kumuuliza binti yake, aliye ndani ya kibanda tangu niingie sokoni. Nikasikia minong'ono. Akarudi.

Hajaona kitu.

Saa nne

Nimeketi. Nimefikiri nimekwisha. Nimefikiri nirudi nimwambie Tusekile, nikaanza kupanga maneno, hayakupangika.

Kisha Maria akanijia tena, uso wake umebadilika, ananitazama kwa woga na huruma. Akaniinamia sikioni. Binti yake amemwomba aseme neno moja tu, na yeye mwenyewe halielewi: "Mwambie baba asiwe na wasiwasi. Nilikirudisha chini, na hakuna atakayejua."

Halafu nikaelewa, na aibu ikanipanda mpaka masikioni. Kitambaa cheusi. Ukanda wa ngozi ya mbuzi. Ndani kabisa ya nafaka. Mke wa Mika aliona kikianguka wakati anamimina, na alidhani ni dawa! Dawa ya kulinda ulezi, ya baba mkwe, ya mzee wa kanisa anayewafukuza watu ushirikani kwa dawa ndogo kuliko hiyo. Hakuifungua. Aliirudisha kwa heshima kwenye chungu, akaziba juu. Na sasa ananificha. Kwa mama yake, kwa soko, kwa Mchungaji. Mtoto wa watu anasema uongo kwa ajili yangu!

Anajua ni chungu kipi. Hawezi kukisema, kwa sababu ananistahi.

Nimtume Maria amweleze? Maria akijua, soko zima litajua kabla hajageuka, na askari amebakiza mkia tu wa samaki. Ni lazima nimwambie mwenyewe. Mimi, kwa mdomo wangu. Nikimwita mbele ya watu hawa, ni aibu kwangu na ni aibu kwake, nyimbo zitatungwa. Aliko ataimba ya kwanza.

Watu wa Lumbila wameanza kubeba. Viwili vimekwenda.

Vitatu.

Saa tano

Nimemwita.

Nilisimama karibu na ukuta wa matete, nikageuza mgongo, nikasema, "Damari." Wanawake waliokuwa wanapima wakaacha mikono yao juu ya nafaka. Maria akajishika mdomo. Nikasema kwa Kinyakyusa, askari asielewe, upesi na chini kabisa, kabla woga haujanirudia: si dawa, ni saa ya Mzungu, nilipewa, ni ya kumkomboa wifi yako Tusekile, nionyeshe chungu.

Matete hayakutikisika.

Nimeketi juu ya chungu kilichopinduliwa, nimeupa mgongo mlango wa kibanda, ninatazama ziwa na kuandika ili mikono ipate kazi. Mitumbwi, askari ananawa mikono. Siwezi kutazama nyuma. Nitamtia aibu mara ya pili.

Miguu. Anatoka. Anapita nyuma yangu, taratibu, nadhani amejifunika. Anagonga vyungu kwa kifundo cha kidole, kimoja kimoja, kama wanavyofanya wafinyanzi. Cha kwanza, cha pili. Anaruka kimoja. Mtu wa Lumbila anamwambia asiguse, tayari kimenunuliwa. Anagonga. Kumi. Kumi na kimoja. Vimebaki vingapi hapa na vingapi mtumbwini, sijui tena. Ee Bwana, kisiwe mtumbwini.

Amesimama. Anagonga kilekile tena.

Udongo unapasuka. Mtu wa Lumbila anapiga kelele, Maria anamjibu, anasema atampa vyungu viwili kwa hicho kimoja. Ndaga, Maria, asante. Ulezi unamwagika mchangani, nausikia.

Askari ameinuka. Anakuja upande huu, anajifuta vidole kwenye suruali. Karatasi iko mfukoni, nimeigusa. Mwaya ni mbali, na meli ni kesho adhuhuri.

Nyuma yangu, karibu kabisa, sauti nyembamba, kama ya mtu aliyekimbia. Sikuitazamia iwe hivyo, nilidhani ni nzito.

"Baba, geuka upokee."

Sijageuka. Penseli bado iko mkononi. Shingo imekataa, ni ya mtu mwingine hii shingo. Viatu vya askari navisikia kwenye changarawe.

"Baba," anasema tena, "mkono wangu unachoka."