Kigoda Changu Kimeonekana Ndani ya Begi la Australia

Kanamkemer, Lodwar
14 Aprili 2013

Mpendwa mshauri Shangazi Akoru,

Naomba msaada wako kabla begi halijanivunjia nyumba. Mimi nimesoma hadi kidato cha nne, ni karani wa ghala la shirika moja kule Kakuma, sinywi pombe, na kila jioni huandika shajara, kwa hiyo haya ninayokueleza si ya kukisia, na usijisumbue kuficha jina langu maana Lodwar nzima inajua na Kakuma wamekwisha kuniaga.

Shida yangu ni likizo. Nina rafiki anayeitwa Malual, mtu wa Sudan Kusini, aliyekuwa na hoteli ndogo ya chai nyuma ya ghala letu katika kambi ya wakimbizi, tukawa kama ndugu, kisha jina lake likatoka kwenye orodha ya wanaopewa makazi akapelekwa Australia kuishi, na sasa anafanya kazi katika kichinjio mji wa Perth na maisha yake ni mazuri. Mwezi wa kwanza alinipigia simu, nikaiweka kwenye spika hapa nyumbani mke wangu Akai akipepeta mtama, na Malual akasema, "Ekal ndugu yangu, njoo upumzike wiki tatu, uje na shemeji Akai, tikiti zote mbili ni juu yangu, ulininywesha maji wakati sina kitu." Nikamshukuru sana, na jioni hiyo nikaanza kupanga, na katika kupanga niliona lazima mtu mmoja abaki na mbuzi, kwa hiyo nikaendelea na mpango wa mtu mmoja.

Nilipanga vizuri, Shangazi. Niliazima ramani ya ukutani kutoka shule moja hapa Kanamkemer, nikapima Australia kwa uzi, na kwa kuwa kutoka Lodwar hadi Kakuma barabara ni mashimo matupu na lori hutumia nusu siku, nikaona kwao kuna lami na hakuna majambazi, basi Perth asubuhi, lile jiwe kubwa jekundu la katikati ya nchi mchana, na Sydney jioni kabla giza halijaingia. Nilipomsomea Malual mpango huu alicheka mpaka simu ikakatika. Alipopiga tena akasema, "Ndugu yangu, unayosema ni kama mtu atoke Lodwar asubuhi alale Cape Town, na katikati hakuna hata mtu wa kukuuzia chapati." Nikafuta Sydney, nikabakiza jiwe.

Hapo ndipo nilipokosea kwa kufungua mdomo. Nilikwenda Katilu kumweleza baba mkwe wangu, Mzee Lopeyok, kwa heshima, kwa sababu mtu haondoki bila wakwe kujua. Tukasalimiana vizuri, ejok, ejok, akaniuliza ninakwenda wapi, nikamwambia. Akauliza, "Huko kuna nyasi kuliko hapa?" Nikasema ninakokwenda ni jangwa. "Kuna maji?" Nikasema sijui. "Nani anakufukuza?" Nikasema hakuna. Akawatazama wazee wenzake wawili, kisha akaniuliza polepole, "Ekal, umeua mtu?"

Nikamwambia hapana baba, ni likizo, mtu anakwenda tu bila shida yoyote kumtuma. Akasema, "Mtu huhama kwa nyasi, au kwa maji, au kwa adui. Sasa wewe unakwenda kufanya nini?" Nikasema ninakwenda kuangalia jiwe. Wale wazee wakageuka wakaangalia mawe yaliyotuzunguka, na wewe unajua Turkana mawe si kitu cha kutafuta, na mmoja akaniambia, "Si uangalie haya, hayana foleni." Mwingine akasema tangu mafuta yasemekane yapo hapa dunia nzima inakuja Turkana, na mimi peke yangu ndiye ninayetoka.

Nikaona aibu, na kwa kutaka safari yangu ionekane na maana nikasema jambo ambalo nilisoma na ni kweli kabisa, kwamba katika jangwa la Australia kuna ngamia wengi sana wanaotembea porini hawana mwenyewe. Mzee akainuka. "Hawana mwenyewe?" Nikasema hawana. "Hawana alama?" Hawana alama. "Na hakuna anayewachunga?" Hakuna. Akakaa tena akasema, "Na unataka niamini kwamba mwanamume mwenye akili ataona hao ngamia, halafu arudi Lodwar?"

Kakuma mambo yalikuwa mabaya zaidi. Pale kambini, mtu akienda Australia ni kwamba amepata makazi, harudi, na desturi yao ni kumfanyia maombi ya kumuaga, na yeye huacha vitu vyake kwa majirani kwa sababu kule atapewa vingine. Niliwaambia mimi si mkimbizi, ninakwenda wiki tatu tu, wakaniitikia ndiyo ndiyo kama mtu anayembembeleza mgonjwa, na Jumapili wakanichinjia mbuzi, mchungaji akahubiri kuhusu kuvuka Yordani, wanawake wakalia. Manyang, aliyerithi hoteli ya Malual, akaninong'oneza, "Kweli wewe ni Mturkana, hata si mkimbizi, ulipitia mlango gani? Nionyeshe na mimi." Kabla sijajibu akauliza, "Godoro unaacha?" Nikadhani ni mzaha, nikacheka nikasema chukua. Jioni godoro halikuwapo. Jirani yangu Thuok, aliyesikia nikisema chukua, akabeba redio na jiko. Sasa hii ni wiki ya tatu ninalala sakafuni katika chumba changu cha Kakuma, na kila asubuhi nikipita kwenda kazini watu wananiuliza kwa masikitiko, "Kwani bado uko? Walikukataa?"

Mama mmoja mzee, Agot, ameniletea furushi la samaki wakavu nimpelekee mwanawe Bior. Nikamwuliza Bior anaishi mji gani, akasema, "Si Australia tu? Ukishuka uliza Bior, yule mrefu." Nikamwambia, mama, nchi ile ni kubwa. Akasema, "Hata Kakuma ni kubwa, na mimi nilikupata."

Haya yote ningeyavumilia. Kilichonifanya niandike barua hii kilitokea juzi Ijumaa. Nilikuwa nyumbani nikifunga begi, na kwa kuwa Malual aliniambia ndani ya ndege mtu haruhusiwi kubeba mizigo ovyo mikononi, nikachukua ekicholong changu, kile kigoda cha mti ambacho sisi wanaume tunakalia mchana na kulaza kichwa usiku, nikakifunga ndani ya mashati kisipasuke, nikakiweka chini kabisa ya begi. Akai akaingia. Akaangalia. Akatia mkono kati ya mashati, akakishika, akakirudisha kama kilivyokuwa, na akasema maneno haya tu: "Godoro ulimpa Manyang, redio ulimpa Thuok. Na mimi umenigawia nani?"

Nilidhani ana hasira ya kawaida, nikaendelea kukunja suruali. Jumamosi asubuhi aliswaga mbuzi wote akaenda nao kwa baba yake Katilu. Nilimpigia simu Mzee Lopeyok akanijibu kwa ufupi: "Kigoda cha mwanamume hutembea mkononi mwake. Kikifungwa ndani ya mzigo, siku hiyo boma limehama. Binti yangu ana macho. Salimia ngamia." Akakata.

Shangazi, ndege ni mwezi ujao, viza ninayo, mpango wangu ni safi, na nampenda mke wangu. Nikienda, hakuna atakayenipokea nikirudi. Nisipokwenda, nitamwambia nini Malual, na watu waliokwisha kula mbuzi wa kuniaga nitawaangaliaje? Nifanye nini ili Akai aamini kwamba nitarudi?

Ni mimi,
Ekal, ambaye bado niko

SHANGAZI AKORU ANAJIBU

Ekal mwanangu, pole kwa kulala sakafuni. Pole hiyo ndiyo ya kwanza na ya mwisho, sasa kaa chini tuzungumze. Una kigoda, nasikia.

Wewe una akili ya ghala. Umepima bara zima kwa uzi, umejua jiwe utalifikia saa ngapi, umejua shati gani litafunika nini. Lakini nimesoma barua yako mara mbili nikitafuta mahali ulipomwuliza Akai neno moja, sikupaona. Malual alisema aje na yeye. Simu ilikuwa kwenye spika. Akai alikuwa pale pale na ungo mkononi. Unafikiri mtama huziba masikio? Alisikia, Ekal! Tangu mwezi wa kwanza mke wako amekuwa akisubiri umwambie, "Mama, tumealikwa." Badala yake umemwona ana kazi ya mbuzi, ukaandika, ukafunga shajara, ukalala. Halafu leo unaniuliza kwa nini ameondoka na mbuzi. Si ndio kazi uliyompa? Ameifanya.

Kwa hiyo usijidanganye kwamba ni kigoda kilichomfukuza. Kigoda kimemthibitishia tu kile alichokuwa akikiona. Mwanamume anayepanga safari ya wiki tatu bila kumtaja mkewe, akagawa godoro, akafanyiwa maombi, kisha akafunga kigoda chake katika mzigo kama siku ya kupakia punda, wewe ungemwonaje? Hata mimi ningeswaga mbuzi. Ningeswaga na wa jirani.

Na hao ngamia! Mzee amekuuliza unakwenda kufanya nini, wewe unamwambia kuna ngamia bila alama na bila mchungaji. Umri wote huo hujamjua baba mkwe wako? Nilipofika hapo nilisimama kidogo nikafikiria kuacha shamba langu nikatafute pasipoti. Hilo neno usilirudie mbele ya mzee yeyote, si Katilu, si Kapedo, si popote, la sivyo utaondoka na msafara.

Sasa fanya hivi. Kesho kitoe kigoda begini. Kishike mkononi, panda gari uende Katilu, na ukifika usianze na ramani. Kaa juu ya kigoda chako mbele ya Mzee Lopeyok, uonekane unakaa, na umwombe radhi kwa kusema mambo mbele yake kabla ya kuyasema nyumbani kwako. Atakuuliza tena nani anakufukuza. Mwambie ukweli: hakuna, rafiki ameita. Mwambie mtu uliyemnywesha maji amejenga kwake na anataka kukuchinjia. Hilo mzee atalielewa kuliko likizo, kwa sababu yeye mwenyewe ametembea mbali sana kwenda kula kwa rafiki, na hakuna aliyemwuliza kama ameua. Ungeanza na Malual ukaacha jiwe, ungekuwa umekwisha kubarikiwa zamani.

Kisha ondoka hapo umfuate Akai alipo, na umwulize. Nimesema umwulize, sikusema umwarifu. Mwulize kama anataka kwenda, halafu ufunge mdomo mpaka ajibu, hata ikichukua jioni nzima. Akisema anataka, mpigie Malual hapo hapo, spika ikiwa imewashwa, shemeji wazungumze wenyewe. Mbuzi tayari wako kwa babu yao, na Mzee Lopeyok hajawahi kulalamika kwa kuachiwa mbuzi. Viza ya Akai ikichelewa, songeza safari. Mwaka huu, mwaka ujao, jiwe lile halihami. Akisema hataki kwenda, lakini umewahi kumwuliza na akakujibu kwa mdomo wake, basi nenda, naye atakuwa amekuruhusu kama mke, hajaachwa kama godoro.

Watu wa Kakuma waache. Mbuzi wameshakula, na wewe pia ulikula, usijifanye. Godoro, redio na jiko usidai, maana ulisema chukua mbele ya mashahidi na mchungaji yupo. Utakaporudi, dawa yao ni kuingia hotelini kwa Manyang mchana kweupe na kuagiza chai. Baada ya hapo wataanza kukuheshimu kama mtu wa kwanza aliyevuka Yordani akarudi. Samaki wa Mama Agot usibebe, wale watu wa uwanja wa ndege wa huko hawana mchezo na chakula cha watu. Mwombe Malual aulize kanisani kwao, huyo Bior mrefu atapatikana kwa simu, na mama yake asikie sauti. Hiyo ni bora kuliko samaki.

Halafu siku ya safari ikifika, kigoda usikirudishe kwenye begi. Kibebe mkononi, Lodwar mpaka Nairobi, Nairobi mpaka Perth. Wakikuuliza uwanjani ni kitu gani, waonyeshe, waeleze, na wakitaka kukipima wakipime. Wakicheka, kalia. Mtu aliyeshika kigoda mkononi amekwenda malishoni tu, kila mtu kwetu anajua jioni atarudi, na Akai akikuona hivyo hatahitaji maelezo yako.

Begi mwachie yeye alipange.