Unga wa Stesheni na Mikono ya Tata

Dilala, Jumapili, baada ya misa

Tata,

Tangu tukuzike nimeandika shajara yangu kila siku, tarehe juu, habari chini, kama ulivyonizoeza. Lakini shajara haijibu. Wewe angalau ulikuwa unakohoa kabla ya kukataa. Leo nakuandikia wewe mwenyewe.

Habari za nyumbani kwanza. Kiti chako kiko pale pale barazani na hakuna anayekikalia. Vijana wa pikipiki za taxi-moto wamehamia kona yetu, wanapiga honi hadi redio haisikiki. Vumbi la malori ya mgodini Kingamyambo linaingia kwenye sahani hata tukizifunika. Mama bado anakukatia nyama vipande vidogo vidogo. Akikumbuka, ananisogezea mimi sahani, nami nakula.

Sasa jambo lenyewe. Jumamosi ijayo tunaondoa matanga, na mdogo wako, Tata Mudogo, ametangaza kwamba siku hiyo Mama atasimama mbele ya ukoo na kuungama tshibawu.

Mwiko huo unaujua kuliko mimi. Mke akipokea kitu cha mwanamume mwingine akakificha, ugonjwa humwangukia mume; asipokiri, unashuka kwa watoto. Na Tata Mudogo amekumbuka stesheni.

Mwaka ule tuliofukuzwa. Wenyeji walikuambia urudi kwenu Kasai, wewe uliyezaliwa hapa Kolwezi, ambaye hiyo Kasai uliijua kwa nyimbo za mama yako tu. Tulilala sakafuni stesheni wiki nyingi tukingoja treni ambayo haikufika, wewe ukiwa na homa. Ndipo Tata Muteba, mwenzako wa karakana ya bati, mtu wa Sandoa, mwenyeji kama wao, akapita katikati ya vijana wenye fimbo na kumpa Mama mfuko wa unga. Wangejua anamwendea nani, wangempiga yeye kabla yetu. Unga huo ndio uliogeuzwa dhambi. Ndio, wanasema, uliotetemesha mikono yako miaka yote hii.

Ijumaa iliyopita walikuja kumwandaa. Tata Mudogo alikaa, miguu mbele, kama hakimu, akaanzia stesheni.

"Mama, useme tu. Ule mwanaume wa ku gare alikupatia nini?"

"Bunga."

"Bunga tu?"

Dada zako waliokuja naye wakacheka. Mmoja akasema, "Bunga ya bure iko wapi, mama?"

Mama hakucheka wala hakulia. Alinitazama, akamtazama mdogo wangu Kabeya, akasema polepole, "Kama kusema kutalinda batoto, nitasema."

Umesikia, Tata? Yuko tayari kukiri asichofanya ili sisi tusitetemeke. Nikasimama. Nikasema Mama hatasema kitu.

"Weye," akasema Tata Mudogo, "masomo imekuharibu."

Basi nikawapa hayo masomo. Niliwasimulia siku ile hospitalini, ulipokaa umeinama, kidole gumba kikisugua cha shahada kama mtu anayechambua misumari. Daktari yule mwanamke alisema ugonjwa wako unaitwa Parkinson. Alisema mwili umejaa protini, na kila protini lazima ikunjwe kwa umbo lake ndipo ifanye kazi. Wewe, ambaye hukuwa umetamka neno tangu asubuhi, ukasema:

"Kama bati."

Akacheka. "Kama bati, Tata."

Tangu hapo alizungumza na wewe, si na mimi. Ukamuuliza, na fundi akikunja vibaya? Akasema ndani ya seli wamo wasaidizi wa kunyoosha. Ubovu ukizidi, seli inapunguza kazi mpya, inaita wasaidizi zaidi, na protini zisizonyooka inazipeleka kuvunjwavunjwa.

"Na bikiendelea kujaa?"

Daktari akasema seli iliyohangaika muda mrefu mno mwisho hujifunga yenyewe, ikafa. Ndivyo zilivyokuwa zinafanya zile zinazoongoza mwendo kichwani mwako, moja baada ya nyingine. Nilidhani utaanguka. Ukauliza tu:

"Lakini zilipigana?"

"Zilipigana sana, Tata."

Ukarudi nyumbani kichwa juu. Nilijua unafikiria nini. Kampuni ya migodi ilipoacha kuleta bati jipya, ninyi mafundi mliendelea kunyoosha makuukuu, bila mshahara, hadi walipofunga lango. "Karakana haifi siku ya kwanza," ulikuwa unasema.

Nikayasema yote hayo Ijumaa, Tata. Tata Mudogo alisikiliza. Si mjinga. Akauliza swali la maana.

"Na hiyo protini, nani alianza kuikunja mubaya?"

Sikudanganya. Nilimjibu kama daktari alivyonijibu mimi, kwamba haijulikani kwa nini ilianza kwako na si kwa jirani.

Akapiga makofi. "Munaona! Docteur hajui. Sisi tunajua."

Hapo ndipo moto uliponishika, maana sentensi hiyo niliwahi kuisikia. Kampuni ilianguka, hakuna aliyetueleza kwa nini, na wenye fimbo wakasema: sisi tunajua, ni Wakasai. Jambo lisilojulikana likikosa jibu, watu hulitafutia uso, na huchagua uso ulio karibu, usio na wa kuutetea. Tulikuwa sisi. Leo wanataka awe Mama. Na anayeshika fimbo ni mtu aliyelala na sisi kwenye sakafu ile ile.

Nikamwambia, "Tata Mudogo, daktari kutojua si kosa la Mama." Akaondoka akisema tutaonana Jumamosi.

Ulitufundisha kwamba ndugu haaibishwi mbele za watu. Kwa heshima yako Ijumaa nilimeza neno moja. Jumamosi sitalimeza. Sikuombi ruhusa, Tata, nakupasha habari.

Nimekwenda kwa Tata Muteba. Amezeeka, anatembea na fimbo, haoni vizuri. Nilipomweleza alicheka hadi akakohoa. "Mutanipiga sasa? Wakati ule nilikuwa na mbio." Nikasema hapigwi mtu. "Basi nitakuja na bunga," akasema.

Atakuja. Nitamketisha kwenye kiti chako, kando ya Mama, machoni pa ukoo wote. Nitasonga bukari ya unga wake, mahindi na muhogo, kama ile ya stesheni, na nitampakulia Tata Mudogo kwanza. Kisha nitauliza mbele ya wote: unga wa kosa tulikula wangapi? Wewe ulikula, homa ikapungua. Mimi nilikula. Kabeya alikula. Na yule kijana aliyekwangua sufuria kwa vidole na kumuuliza Mama, "Kuko ingine?", alikuwa nani? Ajibu Tata Mudogo mwenyewe. Mama hatafungua mdomo ila kula.

Lala, Tata. Mikono yako imetulia sasa, na ilipigana vya kutosha. Kuhusu Mama, nakuahidi mimi: hataungama, na uzee wake wote hatapita mlango wowote wa mji huu akiwa ameinamisha kichwa.

Binti yako wa kwanza,
Ngalula