Zile Hazikuwa Vitamini

Mama yangu mpendwa,

Habari ya huko nyumbani? Goti bado linakusumbua, ama yale mafuta niliyokutumia yamesaidia? Huku Eldoret baridi haijatuacha, lakini tuko. Nakuomba usisome barua hii mbele ya watu. Nimeandika kwa sababu simu yako haisikiki mpaka uweke spika, na hapo boma zima linasikia. Kaa chini kwanza, halafu usome mpaka mwisho.

Nekesa si mzima vile nilikuwa nakwambia. Nilianza kuona kwa sketi. Unajua kazi yangu hapa mjini ni kushona yunifomu, na yake niliipima mwenyewe Januari. Februari ilikuwa inamzunguka kiunoni. Nikaipunguza, nikajiambia mtoto anarefuka tu. Wiki jana kliniki wakanipa majibu ya damu yake.

Mama, Nekesa ana virusi vya UKIMWI. Alizaliwa navyo, kutoka kwangu. Mimi pia ninavyo, na marehemu baba yake alikuwa navyo. Ile habari ya kifua niliyowaambia wakati wa mazishi haikuwa yote. Miaka tisa nimekuficha.

Damu yake hupimwa vipimo viwili. Kimoja kinaonyesha virusi ni vingi kiasi gani. Kingine wanakiita CD4, hicho kinahesabu askari wa mwili. Tangu akiwa mdogo virusi vilikuwa chini kabisa, mashine haivioni, na askari walikuwa wengi. Sasa virusi vimepanda sana na askari wamepungua. Nesi akaniuliza kama anameza dawa kila jioni. Nikaapa kwamba anameza. Akamgeukia mtoto mwenyewe, akamuuliza likizo ya Desemba ilikuwaje.

"Kukhu, nyanya yangu, alikuwa anatupatia sisi wote," Nekesa akasema. "Mimi na watoto wa anko. Alisema vitamini si ya mtu mmoja. Ikaisha kabla ya Krismasi."

Kosa ni langu, Mama. Nilimwaga dawa yake kwa chupa ya vitamini ili msisome karatasi ya hospitali, nikaweka pamba juu ili vidonge visilie ndani ya mkoba. Nikakwambia umpatie kimoja kila jioni kwa sababu hapendi chakula. Na mimi ninajua hujawahi kulisha mjukuu mmoja wengine wakiangalia. Ningekumbuka hilo kabla sijafunga ule mkoba.

Daktari anasema vidonge vichache haviwezi kuwadhuru watoto wa kaka, lakini wapelekwe hospitali waangaliwe. Tafadhali usichelewe.

Sasa namtazama akimeza, saa moja jioni, kila siku. Baada ya miezi mitatu watampima tena. Virusi vikishuka, dawa bado inamfaa. Visiposhuka, huenda vimeizoea, na watamtafutia nyingine, na nesi amesema za watoto si nyingi. Naogopa, Mama. Juzi nilishona mfuko wa shati nikaufunga mpaka juu, bosi akanirudishia niufumue.

Unajua kwa nini nilificha? Unamkumbuka yule mama aliyekuwa akikusaidia kupalilia, watu waliposema ni mgonjwa? Ulimpa chai kama kawaida. Lakini kikombe chake ulikifunga uzi mwekundu, ukawa unakiweka dirishani, peke yake. Hukumtukana, wala hakuna aliyesema kitu. Nilikuwa na miaka kumi na ule uzi naukumbuka mpaka leo. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kikombe, Mama, wala kwa watoto kulala kitanda kimoja. Muulize daktari yeyote.

Likizo ya Aprili inakaribia na mtoto ameanza kupanga nguo. Ukikubali aje, dawa itakuja kwa chupa yake, na karatasi yake. Ukiogopa, niambie, nitabaki naye.

Nisalimie Baba, mwambie koti lake limebaki vifungo tu. Nisalimie kaka na wifi, na mama mchungaji, ambaye huniombea bila kujua anaombea nini.

Nekesa anakusalimu sana. Anauliza kama kikombe chake cha kijani alichosahau huko bado kipo. Nimemwambia kiko kwa kabati, pamoja na vile vingine. Mama, naomba kiwe hapo.

Ni mimi binti yako,
Nafula