Shanta ya Mzee Mahmudu

Newala,
Jumapili, 13 Juni 1954

Kwa dada yangu Anjelina, Mama Paulina, huko Lupaso.

Shikamoo dada. Ukishaniitikia, keti chini, tena keti vizuri, halafu soma mstari huu kabla ya mingine yote: Kasiani yu hai. Narudia kwa sababu nakujua. Mumeo yu hai, mzima, isipokuwa mguu mmoja wa kulia, na huo nao upo palepale ulipokuwa. Jana utingo mmoja alitwambia kwamba huko Masasi watu wameshamzika kwa midomo, na wengine wameshagawana nguo zake. Sasa mwambie aliyekuletea habari hiyo kwamba maiti wake asubuhi hii amekula ugali wa muhogo sahani mbili, akalalamika kisamvu hakina chumvi.

Baada ya hapo, habari za nyumbani? Mpwa wangu Paulina hajambo? Meno yameshaota, au bado anawacheka watu kwa ufizi? Mwambie mjomba wake sasa ni mtu wa kazi, anatembea na Bwana Dresa, na akina mama wa huku hunyamaza nikipita. Sawa, hawanyamazi, lakini hunitazama. Mimi ni mzima wa afya. Kitu kinachonisumbua ni baridi ya Newala, ambayo huingia ndani ya shati bila kubisha hodi.

Sasa nikueleze mambo tangu mwanzo, maana ukianzia katikati utanilaumu kabla ya wakati.

Unakumbuka Dresa Bwanali, mtibabu wetu wa zahanati, alivyotutangazia. Safari ya kuchanja ndui ni wiki tatu, kutoka Masasi kupitia Chidya, kupanda Newala, mpaka Mnyambe, kote kwa miguu, maana vijiji anavyokwenda havina njia ya lori. Akasema mwaka jana mizigo ilibebwa kichwani na kwa mizega, ile miti ya begani, vichupa vikavunjika kwenye mpando. Safari hii kila mpagazi aje na shanta yake ya mgongoni ili mikono yote miwili ishike njia. Asiye na shanta Jumatatu asubuhi, nafasi yake apewe mwingine. Kasiani alikuwa ameshajishonea ya kwake kwa magunia mawili. Mimi sikuwa na kitu. Na wewe, dada yangu, ukanipa shilingi nane za karanga zako, ukaniambia nitafute shanta ngumu, si shanta nzuri.

Basi nikaanza na nzuri. Nilikwenda dukani kwa Fakihi, akanishushia shanta mpya, ya kijani, bizimu za shaba zinameremeta kama vikombe vya kanisani. Nikaivaa, nikajigeuza mbele ya kioo, upande huu, upande ule, mpaka Fakihi akaniuliza kama nanunua shanta au natafuta mchumba. Nikamwambia vyote viwili, ila kimoja kiwe kwa mkopo. Akanivua. Bei ilikuwa shilingi kumi na tano. Nikaenda kwa Lukmani, fundi cherehani, akasema atanishonea ya turubai kwa shilingi nane hizohizo, iwe tayari wiki ijayo. Wiki ijayo ya fundi cherehani unaijua, hata Paulina angeota ndevu kwanza.

Ndipo nikaelekezwa kwa Mzee Mahmudu, yule aliyekuwa askari wa Keya, aliyepigana Burma. Ana shanta tatu za jeshi zimetundikwa ukutani, na hazifumbii macho hata siku moja. Dada, yule mzee kuuza kitu kwake ni kama kuozesha binti. Nikamwonyesha fedha, akaniambia niziweke. Akatoa shanta moja, turubai nene, viraka viwili, akaniambia imetembea nchi ambazo mimi nikizitaja nitajiuma ulimi. Halafu akaijaza mchanga mpaka mdomoni, akanivalisha, akaniambia niende nayo mpaka chini ya jabali na kurudi. Nilipouliza sababu akasema shanta tupu ni nguo tu, kila mtu inampendeza.

Nikaenda, nikarudi. Nilirudi napiga mluzi. Mzee akaniuliza imeniuma wapi. Nikamwambia popote hainiumi. Akauliza tena, taratibu, akasema kila mtu inamuuma mahali, na yeye ana sindano yake kubwa ya kushonea magunia na uzi wenye nta. Mtu akimwonyesha inapouma, hukaza hapo, hulegeza pale, hushona upya, ndipo anapokea fedha. Nikamwambia mimi mgongo wangu wa chuma, labda aiulize shanta yenyewe kama imeumia. Watu waliokaa barazani wakacheka. Mzee hakucheka. Akanitazama bega, akachukua shilingi sita, akanipa shanta. Zile mbili nyingine, dada, usiziulize. Njiani kwenda kwake nilikuwa nimeona kitana kizuri.

Jumatatu tukaondoka. Dresa alituhesabu, akashika kila shanta, na ya kwangu akaisifu mbele ya wote, kwamba ya Mzee Mahmudu inajulikana, haitoki kwake bila kujaribiwa. Kwa hiyo lile debe lenye vichupa vya chanjo, vimefungwa pamba kimoja kimoja, likawekwa ndani ya shanta yangu. Ungeniona! Kasiani alibeba unga, sufuria na blanketi za Dresa, mimi nimebeba uzima wa watoto wa nchi nzima. Nilimkumbusha kila baada ya kijiji.

Kufika Chidya nikaacha kumkumbusha. Mkanda wa kushoto ulikuwa unazidi kurefuka, shanta inalala upande, nami natembea kama kuku aliyefungwa mguu. Siku ya pili bega lilichubuka. Kasiani aliniuliza mara mbili kuna nini, nikamjibu natembea hivi kwa maringo.

Siku ya tatu ndiyo tukafika kwenye mpando wa Newala. Dada, ile njia haikuchorwa na mtu mwenye akili, ilichorwa na mbuzi. Na wenyewe akina mama wa juu huishuka kila siku kufuata maji bondeni, na kuipanda tena na mitungi kichwani, wanapiga soga. Walipotukuta tumeinama na mizigo mgongoni wakacheka mpaka maji yakamwagika. Wakatuuliza tumejifungua lini, na mbona watoto wetu hawalii. Mmoja, mama wa makamo anaitwa Stamili, akaniambia mimi mwanangu mkubwa mno, nimwachishe ziwa. Nilikuwa na majibu mazuri matatu, lakini sikuwa na pumzi ya hata moja.

Hapo Kasiani akasimama. Akaniambia uliniweka mikononi mwake, na hawezi kukurudishia mdogo wako amepinda. Akanivua shanta kwa nguvu, akanipa ya kwake ya magunia, ambayo kwa kweli ilikaa mgongoni kama imezaliwa hapo. Yeye akavaa ya kwangu. Hatukumaliza hatua mia. Palikuwa na jiwe la kuruka. Akaruka, nikasikia kitu kinapasuka kama kanga mpya. Mkanda wa kushoto ukang'oka, mzigo wote ukamvuta upande, na Kasiani akatoka njiani.

Usisimamishe moyo, nimeshakwambia yu hai. Alibiringika mteremkoni, vichaka vikampokea, vikamwachia, vikampokea tena. Angeweza kushika tawi. Mikono ilikuwepo, matawi yalikuwepo. Lakini shanta ilimzungukia mbele, akalikumbatia debe kifuani kama mtu aliyebeba yai la mwisho duniani. Tulipomwita hakuitika. Nilishuka kwa makalio, suruali yangu iko mlimani mpaka leo. Nilimkuta amelala chali, macho wazi, na kitu cha kwanza alichouliza ni vichupa vingapi vimevunjika. Viwili, dada. Viwili katika debe zima.

Yule Mama Stamili ndiye aliyefungua kanga yake moja akamfunga mguu, na wenziwe wakatusaidia kumpandisha. Dresa amempima. Mfupa haukuvunjika, kifundo kimeteguka na paja lina jeraha alilolishona Dresa mwenyewe nyuzi saba. Siku nne alikuwa na homa. Siku hizo nne, dada, mimi sikusema utani hata mmoja, unaweza kumuuliza mtu yeyote. Jana homa imekatika, na leo ndiyo hiyo habari ya sahani mbili. Dresa anasema atatembea bila fimbo kabla mwezi huu kwisha, na kwamba atateremka na lori la Husseni, dereva anayekuletea barua hii, si kwa miguu.

Sasa limebaki jambo moja, na karatasi inakwisha, kwa hiyo siwezi tena kuzunguka.

Mchanga niliumwaga. Siku ile ya Mzee Mahmudu nilifika nyuma ya mwamba wa kwanza, hata robo ya njia sijafika, nikaona jua kali na mzee hanioni, nikaumwaga wote. Nikakaa kivulini, nikajaribu kile kitana. Kisha nikazoa mchanga mwingine palepale, nikaujaza mpaka mdomoni, nikarudi napiga mluzi. Shanta ile sikuijua ilivyo ikiwa na uzito. Ningetembea nayo mpaka jabalini, mkanda wa kushoto ungeanza kulegea siku hiyohiyo, bega lingeuma, ningemwonyesha mzee, naye angeshona. Chini ya kiraka uzi ulikuwa umeoza, nimeuona kwa macho yangu baadaye. Mzee hakunidanganya. Aliniuliza mara mbili. Dresa aliamini imejaribiwa, Kasiani naye akaamini, na aliyeanguka ni yeye, si mimi. Hapa wote wanasema ni bahati mbaya, nami siku hizi zote nimekuwa nikiitikia kwa kichwa. Si bahati mbaya. Ni mimi. Nisamehe dada, na usipoweza sasa, niwekee kwa baadaye.

Nilikuwa nataka kufunga hapo, lakini Kasiani ameniita, anataka nimsomee barua yote kabla Husseni hajaichukua, ajue nimekwambia nini juu ya mguu wake. Unajua yeye herufi hazijui. Ningeweza kusoma mpaka kwenye nyuzi saba, nikarukia salamu, asingejua. Na kweli nilisoma mpaka nyuzi saba, kidole kikaruka. Nikakirudisha. Nimemsomea mchanga wote.

Akaniambia nisome tena pale pa kitana. Nikasoma. Ndipo akasema nikuandikie kwamba amesikia, na kwamba ana maneno mengi sana ya kunipa, lakini hatayatoa leo akiwa amelala. Nikirudi kutoka Mnyambe ataketi mlangoni kwenu Lupaso, nami nitakuwa nalima shamba lake la muhogo mpaka mguu upone, na hapo, jembe likiwa mkononi mwangu na jua kichwani, ataanza la kwanza. Kisha akaniomba maji, akaniita shemeji kama kawaida.

Dada, sijawahi kuyangoja matusi kwa furaha namna hii.

Kesho naendelea Mnyambe na Dresa. Mkanda nimeushona mwenyewe kwa uzi wa Mama Stamili, nikajaza mawe, nikapanda na kushuka mlima mzima hadharani. Mzee Mahmudu nitamwendea kwa miguu yangu nimwambie mwenyewe. Mbusu Paulina kwa niaba ya mjomba wake, wasalimu majirani wote, hata wale waliogawana nguo, na waambie wazirudishe.

Ni mimi mdogo wako, mwenye bega bovu na moyo mwepesi,

Nikolao